Malooned!: Mapenzi ya Kufungiwa Chooni, Kenya ya 2007

Watu wangu, kila komedi ya mapenzi ina ukuta. Wawili wanakutana, hawapatani, kitu kinawalazimisha kukaa pamoja, ukuta unaanguka, tunapiga makofi. Mambo ya zamani haya. Mwaka 1934 Frank Capra alitoa It Happened One Night: binti wa tajiri anasafiri kwa basi na mwandishi wa habari asiye na kazi, wanalala chumba kimoja na blanketi limetundikwa katikati. Ilibeba Oscar 5. Ukuta pale ni pesa.

Sasa njoo Kenya, 2007. Bob Nyanja anatoa Malooned! Mwanaume na mwanamke wasiojuana wanafungiwa chooni, ndani ya jengo refu Nairobi, wikendi nzima. Mmoja Mkikuyu, mwingine Mjaluo. Ndiyo, chooni. Komedi za aina hii hukupa mji mzuri, mkahawa, rafiki wa kuchekesha wa kutoa ushauri. Hapa unapewa mlango uliokwama. Mtu akisema jambo la ovyo kuhusu watu wa kwenu, utakimbilia wapi?

Kufungiwa pamoja, maneno makali kwanza, hayo yote ni njia ya kawaida. Nyanja ameivunja kwenye ukuta wenyewe. Mara nyingi ukuta huletwa na mtu wa nje: baba mkali, mchumba mwenye pesa. Hawa wameingia nao chooni, vichwani mwao. Hakuna mzee wa kulaumu.

Halafu angalia tarehe. Tarehe 27 Desemba mwaka huo huo Kenya ilipiga kura, na katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Ukisema filamu ilitabiri, mimi nakataa. Utani wa kabila ulikuwa kwenye matatu, ofisini, harusini. Jamaa alisikiliza tu, kitu ambacho wengi hatukutaka kufanya.

Huku Lokichar, tangu mafuta yapatikane Ngamia 1 mwaka 2012, watu wamekuja kutoka kila kona, na swali la jina la pili limekuja nao. Lakini ukuta wetu mkubwa uko barabara ya Kitale. Weka Mturkana na Mpokot kwenye lori lililoharibika karibu na Kainuk, usiku mmoja, halafu uifanye komedi. Nani atacheka, na mifugo imeibwa juzi? Nimejaribu kuiandika. Niko ukurasa wa nne, na nimekwama pale msichana anapomuuliza kijana anatoka upande gani wa mto.