Mbudya: kisiwa nilichodhani hakina historia

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, kozi weki zilinikaba si mchezo. Leo nina stori ya Mbudya, ila msitegemee stori ya kula chipsi na kuogelea tu. Mnanijua, nasoma ualimu na somo langu ni historia, kwa hiyo hata nikienda kupumzika narudi na miaka kichwani.

Tulikuwa wanane. Bumu lilipoingia tukachanga, tukaazima mahema, tukanunua mkaa, mchele na madumu ya maji ya kunywa. Jumamosi asubuhi tukapanda daladala mpaka Mwenge, halafu la Tegeta, tukashuka Mtongani na kuchukua bajaji hadi ufukweni Kunduchi. Pale yupo mjomba wangu, kaka yake mama, anauza samaki. Nikampa shikamoo, nikamwambia tunakwenda kulala Mbudya. Akacheka sana.

"Kumbe mnakwenda dago?"

"Hapana mjomba, tunakwenda kempu."

"Ndiyo hilo hilo. Nyie mnalipa tu."

Mwisho wa yote akafunga biashara yake, akapanda boti na sisi. Wenzangu wakaninong'oneza, sasa mzee wa nini tena? Lakini bila yeye nisingekuwa na cha kuandika leo.

Kwa wale wa bara, dago ni kambi ya wavuvi. Msimu ukibadilika na samaki wakihama, wavuvi wa pwani yetu huhama nao. Wanabeba chungu, chumvi na nyavu, wanakwenda kukaa kwenye kisiwa au ufukwe wa mbali kwa wiki au miezi. Wanalala kwenye vibanda vya makuti, wanakausha samaki, wakipata mzigo wa kutosha wanarudi. Ni desturi ya zamani sana. Kwa hiyo tunaposema kulala kisiwani ni mambo ya wazungu tunakosea. Mjomba mwenyewe alilala Mbudya akiwa kijana, bila hema wala spika ya muziki.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mwaka 1970 ilitungwa Sheria ya Uvuvi. Mwaka 1975 serikali ikatangaza Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kuwa maeneo tengefu ya bahari. Ukisoma hapo ukafunga daftari, utaandika kwenye mtihani kwamba tangu 1975 matumbawe ya Dar es Salaam yalilindwa. Mimi ningeandika hivyo hivyo, na labda ningepata alama zangu.

Lakini sivyo ilivyokuwa. Kutangaza ni kitu kimoja, kulinda ni kingine. Uvuvi wa baruti ulikuwa umeshaenea pwani yetu tangu miaka ya 1960, na uliendelea hata baada ya tangazo. Sheria maalumu ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuja 1994, ikaunda chombo cha kusimamia maeneo haya. Mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Hesabu mwenyewe: kutoka 1975 mpaka 1994 ni miaka 19. Mtoto anazaliwa, anamaliza shule na kuingia jeshini.

Ndani ya miaka hiyo ndimo alimo mjomba wangu.

Tangu nikiwa mdogo namjua mjomba hana vidole vitatu mkono wa kulia. Nyumbani tuliambiwa ni mashine ya kusaga. Hakuna aliyeuliza zaidi, si mnajua watoto. Usiku ule tumekaa kwenye moto wa mkaa, mwenzetu mmoja, bila hata kufikiri, akamuuliza mzee mkono umefanyaje. Mimi nikaona aibu mpaka basi. Mjomba akanyamaza kidogo, akaelekeza upande wa mwamba kule gizani.

"Umebaki hapo."

Akasema ilikuwa wakati Mwinyi ndiyo kwanza ameingia madarakani (hiyo ni mwishoni mwa 1985). Alikuwa kijana wa miaka 19, maisha magumu, nyavu za kununua hakuna. Mtu mmoja aliyekuwa akipasua mawe akawauzia baruti. Inawekwa kwenye chupa, inawashwa utambi, inarushwa majini. Siku hiyo utambi ulikuwa mfupi. Wenzake wakamrudisha Kunduchi kwa ngalawa, na kwa kuwa baruti ni kosa la kwenda jela, ikatungwa stori ya mashine. Mama yangu alikuwa anajua. Bibi alikuwa anajua. Miaka karibu 40 stori ikawa ni ile ya mashine.

Kwa kweli sikujua niseme nini. Nikamuuliza swali la mwanafunzi, kwamba mlipata samaki? Akasema mlipuko unapasua bondo, ule mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea, kwa hiyo wengi wanazama na hamuwapati. Mnaokota wachache wanaoelea, mnaondoka. Tumbawe nalo linavunjika vipande vipande kama kokoto. Mawimbi yanazisukuma kokoto hizo huku na huku, na tumbawe changa haliwezi kushika mahali pasipotulia. Ndiyo maana sehemu iliyopigwa sana inabaki jangwa kwa miaka mingi. Halafu mwaka 1998 bahari ikapata joto kali, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi yakapauka na kufa. Yaani aliyekuwa mgonjwa akaongezewa homa.

Na msidhani baruti ilikwisha 1994. Watafiti waliopita na chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji pwani yetu yote mwaka 2015 walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilikuwa maeneo ya karibu na Dar es Salaam. Tangu 2016 msako ukawa mkali na milipuko ikapungua sana.

Nikamuuliza mjomba kama ana kinyongo na sheria. Nilitegemea aseme ndiyo au hapana. Akasema yote mawili. Kwamba mvuvi wa mshipi na wa baruti wote waliambiwa tokeni, wakati mmoja ndiye aliyeharibu. Kwamba leo mgeni akilipa kiingilio analala, mvuvi akitaka kupiga dago anaulizwa maswali. "Lakini na mimi nimo," akasema. "Siwezi kusema sikuwemo."

Asubuhi maji yalipokupwa nikaazima miwani ya kuogelea, nikaenda kuangalia upande ule aliouonyesha. Kuna vipande vilivyolala vimekufa, vyeupe na vya kijivu. Katikati yake kuna matumbawe mapya, mengine madogo kama kiganja, na samaki wenye mistari wanapita. Sijui kama ni pale pale alipoumia. Nilikaa majini mpaka wenzangu wakaniita chai.

Mwakani nakwenda kufundisha kwa vitendo. Nikifika kwenye mada ya kutunza mazingira, tarehe ya 1975 nitaiandika ubaoni kama kawaida. Lakini nitawaambia wanafunzi wakaulize wazee wao ilikuwaje baada ya tarehe hiyo, maana tangazo la serikali halitaji mkono wa mtu. Mjomba nilimwomba ruhusa kuandika haya. Akasema andika, ila jina langu usiweke, na mama yako umwambie wewe mwenyewe.

Mama nimempigia jana. Alikaa kimya, halafu akauliza, "Alikwambia mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema afadhali.

Mkienda Mbudya, msikanyage matumbawe maji yakikupwa, na rudini na taka zenu. Haya wadau, nina kipindi saa mbili na desa sijasoma. Tuonane wiki ijayo.