Bima ya afya kwa wazee: Mambo ya kupima kila mwaka

MSTAAFU anayeishi Gitothua, wadi iliyo katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, hana tena mwajiri wa kumkatia mchango wa bima ya afya kila mwisho wa mwezi. Jukumu hilo ni lake sasa, na akilisahau huenda akabaini hivyo akiwa tayari kitandani hospitalini.

Kenya haina msimu mmoja wa kuchagua bima. Kila kaya ina mwaka wake, na wiki za mwisho kabla ya mwaka huo kwisha ndio wakati wa kupima upya.

Mchango wa umma

Bima ya NHIF, iliyoanzishwa 1966, ilitoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnamo Oktoba 1, 2024. Chini ya NHIF, mwanachama asiye na ajira rasmi alilipa Sh500 kwa mwezi. Katika mfumo mpya, mapato ya kaya hukadiriwa kwa maswali kuhusu hali ya maisha, kisha hutozwa asilimia 2.75. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600, na hulipwa kwa mwaka mzima kabla ya huduma. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulibuniwa 2025 kwa wasioweza kutoa fedha hizo kwa mkupuo.

Aliyejisajili hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya hata kama hajachanga. Kulazwa katika hospitali ya Ruiru au Thika Level 5, hata hivyo, huhitaji mchango uliokamilika.

Mzazi si mtegemezi

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mchango wa mwana aliyeajiriwa humhudumia yeye, mwenzi wake na watoto wao. Hauwahudumii wazazi wake. Mama au baba hujisajili kivyake kwa kitambulisho, ingawa mwana anaweza kumlipia.

Kuna pia wasio na uwezo kabisa. Mnamo Oktoba 2025, serikali ilizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2. Kupokea Sh2,000 za Inua Jamii, zinazolenga wenye umri wa miaka 70 na zaidi, si ithibati kwamba mchango wa SHA umelipwa. Ni lazima kuthibitisha.

Bima za kampuni

Bima ya kibinafsi huongeza uhuru wa kuchagua hospitali, lakini gharama yake hupanda kwa umri, na kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga. Kabla ya kutia sahihi, mzee aulize mambo manne: atafunikwa hadi umri gani, maradhi aliyo nayo tayari, kama kisukari na shinikizo la damu, yatasubiri muda gani, kikomo cha fedha ni kipi, na ni hospitali zipi za karibu zinazoikubali.

Anayeiacha bima ya zamani kwa sababu ya bei huenda akaanza upya kungojea. Kwa hivyo asikatize moja kabla nyingine haijaanza kutumika.

Hali ya usajili hukaguliwa kwa simu kupitia *147#. Tarehe ya mwisho ya bima iandikwe mahali ambapo jamaa wote wataiona, kwani mgonjwa mahututi hawezi kuulizwa.