Wafu wa Daftari, Wafu wa Makadirio

Mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, lililotoka India, liliteremshwa Tanga kuutwaa mji uliolindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu kama 1,000 tu. Lilichapwa vibaya, likarudi melini na kuacha nyuma silaha na maiti. Historia rasmi ya Uingereza inataja 360 waliouawa na 487 waliojeruhiwa. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikadiria kwanza kwamba adui aliyeuawa alifika 800. Baadaye akasema anaamini walizidi 2,000. Kwa watu wake mwenyewe hakuhitaji kukadiria: walikufa Wajerumani 16 na askari Waafrika 55.

Kila jeshi huwajua wake kwa majina na kumhesabu adui kwa macho, na macho ya mshindi huona maiti wengi. Hata hiyo hesabu ya wake haifanywi kwa huruma. Jioni kamanda anataka kujua kesho atakuwa na bunduki ngapi. Mhasibu anataka kujua mshahara wa nani usimamishwe. Ndiyo sababu hasara ya vita hujumlisha aliyekufa, aliyejeruhiwa, aliyetekwa na aliyetoweka: wote hawamo kwenye gwaride la asubuhi. Msomaji anayeambiwa kwamba Waingereza walipata hasara ya watu wapatao 2,700 kwenye mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, asidhani yalichimbwa makaburi 2,700.

Na asiyekuwamo daftarini?

Mfano mchungu ulikuwapo tayari. Katika Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilivyoanza 1905, Wajerumani waliandika kwamba upande wao walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wao, rugaruga, 316. Kwa Waafrika waliokufa upande wa pili, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, serikali ya Wajerumani ilitaja 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande mmoja unahesabiwa mtu mmoja mmoja. Upande wa pili, pengo kati ya makadirio mawili linaweza kumeza miji kadhaa ya wakati ule.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vile vya Tanga na Mahiwa, vilileta kundi lililotumikia upande wa mshindi na bado likahesabiwa kama la adui: wapagazi. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwapo, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani kutoka pwani hadi Msumbiji. Waingereza walikusanya wapagazi kutoka pande nyingi za Afrika, na idadi yao kwa miaka yote ya vita inakadiriwa kuwa milioni moja hivi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na kwa unga wa mahindi uliopikwa nusunusu na kuliwa na watu waliozoea vyakula vingine. Risasi iliwaua wachache.

Vifo vyao vilivyoandikwa rasmi upande wa Uingereza vinapita 95,000. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyechunguza habari zao kwa kina, aliona idadi ya kweli ilizidi 100,000. Ugumu mkubwa ulikuwa kwa waliotoweka. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, asipoonekana, jina lake lilibaki kwenye orodha ya kikosi hadi habari zake zijulikane. Mpagazi aliyeanguka porini angeweza kuandikwa mtoro, na mtoro hadai ujira wala familia yake haipewi taarifa. Upande wa Wajerumani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani kwa wapagazi wao hakuna hata daftari la kubishania.

Si kwamba wakubwa hawakujua. Baada ya vita, gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, alipoulizwa kuhusu makaburi makubwa ya wapagazi Dar es Salaam na kwingineko, maoni yake yalikuwa yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Hakupenda hata kuzifikiria takwimu za Waafrika waliopotea. Badala ya majina, ikasimamishwa sanamu. Ile ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, ni nzuri, lakini haimtaji mtu hata mmoja.

Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hapo tena, pengo kati ya tarakimu mbili ni watu 234,000. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kazi ya kurudisha majina inawezekana. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa Waafrika Kusini zaidi ya 1,700 waliofia vitani katika vikosi vya kazi barani Afrika, kila mmoja kwa jina lake. Huku kwetu, familia zinazokumbuka babu aliyechukuliwa upagazi asirudi ziandike sasa jina lake, kijiji chake na mwaka alioondoka, kabla mzee wa mwisho anayeyajua hayo hajaondoka nayo.