Uhimilishaji wa nyumbani

Uhimilishaji wa nyumbani ni njia ya kutafuta mimba kwa kuingiza ukeni manii ya mwanamume aliyejitolea, kwa bomba lisilo na sindano. Neno uhimilishaji Watanzania wengi wamelizoea zaidi kwa ng'ombe.

Nchini Tanzania, iwe Kinondoni au Temeke, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimtaji mtoaji wa mbegu. Hivyo ahadi ya mdomo ni kinga dhaifu: mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA, na anayetambuliwa kuwa baba huweza kudaiwa matunzo.

Hatari nyingine ni VVU na homa ya ini B. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa maambukizi mapya huweza yasionekane kwa wiki kadhaa. Mbegu huishi mwilini hadi siku 5, yai takriban saa 24 tu.