Kwa Nini Tunapanda Malimau Ili Tuvune Machungwa

Wana-Mbinga na wana-Nyasa wenzetu, mlio nyumbani na mlio mbali,

Katika makisio ya mwaka huu kuna fungu la kitalu cha michungwa ya kubebesha huku mwambao. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini fedha ya kwanza inakwenda kwenye miche ya malimau, wakati tulichoahidi ni machungwa. Swali ni la haki, na jibu lake lina historia.

Mchungwa uliooteshwa kwa mbegu huweza kukaa miaka 6 hadi 8 bila kuzaa, tena huwa na miiba mingi. Wa kubebesha, yaani jicho la mchungwa bora lililofungwa kwenye shina changa la mlimau, huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Kwa sisi tunaoshika daftari, tofauti hiyo ni ada za shule za miaka kadhaa.

Kuna machungwa yasiyo na mbegu kabisa. Mwaka 1873 miche michache ya aina hiyo, iliyotokana na mti wa Bahia, Brazili, ilipandwa Riverside, California. Michungwa ya aina hiyo iliyoenea huko ilitokana na vijicho vya miche hiyo. Mwaka 1918 mmoja wa miti mama ulikuwa unaoza mizizi. Wataalamu walipanda miche michanga kuuzunguka, wakaiunganisha na shina lake, nao ukapata mizizi mipya. Mti huo umeishi zaidi ya karne moja.

Kosa la shina lina gharama kubwa. Brazili na Argentina walibebesha michungwa yao juu ya mdanzi, kwa kuwa mdanzi huvumilia kuoza kwa mizizi. Kisha, miaka ya 1930, ukaingia ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari. Waliuita tristeza, yaani huzuni. Mamilioni ya miti ilikufa, machungwa yenyewe yakiwa hayana kasoro. Muungano wake na mdanzi ndio uliowaponza. Iliyobebeshwa juu ya limau lenye ganda la makunyanzi ilistahimili. Ndiyo maana shina la limau hilo hutumika sana Tanzania, hata Muheza kwenye michungwa mingi.

Jambo hili si geni kwetu. Kahawa iliingia Umatengo miaka ya 1920, na chulebuni na kutu ya majani vikaja kuitesa. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza mwaka 2001 na yenye kituo Ugano, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo, na kubebesha ni mojawapo ya njia za kuzalisha miche yake. (Watu wa ngoro hawahitaji kufundishwa kwamba kazi huanzia udongoni.)

Kwa hiyo mwaka wa kwanza mtaona malimau matupu. Yakifikia unene wa penseli, fundi atapasua gome kwa umbo la T, achomeke jicho, afunge kwa utepe wa nailoni, juu ya usawa wa udongo kwa shibiri moja. Baada ya wiki 3 hivi jicho likiwa bado kijani, limeshika. Vijicho vitanunuliwa kutoka miti iliyokaguliwa tu, hata kama ya jirani ni ya bure.

Anayechangia ataje kama fedha yake ni ya mashina au ya vijicho. Tutaiandika hivyo.