Motokaa Isiyo na Maji, na Joto Lake

Ukisimama kando ya Barabara ya Juja, juu ya bonde la Mathare, alfajiri moja ya mwezi wa Julai, utaona ukungu umetanda bondeni na watu wamejikunyata ndani ya makoti. Wageni wengi hudhani kwamba nchi iliyopitiwa na Ikweta haijui baridi. Walakini mji wa Nairobi umejengwa mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru, ambako si mbali, huzidi mita 2,000. Katika asubuhi kama hizo, mwenye Volkswagen ya zamani alikuwa na swali moja: joto litatoka wapi?

Swali hilo lina historia yake. Katika motokaa nyingi injini hupozwa kwa maji, na maji hayo yakiisha kupata moto hutumiwa kumpasha dereva joto. Lakini katika miaka ya 1930, Ujerumani, Ferdinand Porsche aliunda motokaa ndogo yenye mgongo wa mviringo, ambayo injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa upepo wa feni. Utaona mara moja faida yake. Huko Ulaya, maji yakiganda usiku huweza kuipasua injini; huku kwetu, maji yakichemka nyikani humwacha msafiri njiani. Motokaa isiyo na maji iliepuka mashaka yote mawili. Basi si ajabu kwamba ilisifiwa hapa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilishinda katika mwaka wa 1954, tena 1957, na tena 1962.

Lakini kila faida ina gharama yake. Pasipo maji ya moto, hapana budi joto litafutwe katika hewa yenyewe. Mwanzoni, hewa iliyokwisha pita kwenye injini ndiyo iliyopelekwa kwa dereva, kupitia mifereji ya bati iliyofichwa chini ya milango. Pamoja na joto, ikaleta harufu ya mafuta. Kuelekea mwisho wa mwaka 1962 waundaji walibadili njia: hewa safi ikapitishwa ndani ya ganda la chuma lililozunguka bomba la moshi, ikapata moto bila kuchanganyika na moshi.

Hata hivyo joto hilo lilikuwa la kubahatisha. Feni huzungushwa na injini. Injini ikienda polepole, upepo wa joto nao hupungua. Mifereji ikiliwa na kutu, joto humwagika njiani kabla ya kuifikia miguu ya dereva. Kwa hiyo watu wa Ulaya waliendesha wakiwa wamevaa makoti na glavu, na wengine walifungiwa kijitanuri kichomacho petroli. Motokaa ya mwisho ya aina hiyo ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Nyingine zingali zikitembea.

Sasa fikiri vema, msomaji. Joto na moshi vilikaa jirani, vikitengwa na ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta huo ukitoboka, ile hewa imfarijiyo dereva huja na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke tena. Ndiyo sababu mwenye motokaa kama hiyo hukagua bomba na ganda lake kabla ya majira ya baridi, na huacha dirisha wazi kidogo hata akisikia baridi.

Huenda ukasema kwamba nyumbani kwenu hakuna motokaa. Lakini jiko la makaa je? Katika miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kutengeneza jiko lenye udongo ndani, ambalo hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Ni kazi ya kusifiwa. Ila makaa ni yale yale, na hewa ile ya sumu haikuondoka. Katika chumba kimoja cha mabati, mlango umefungwa na nyufa zimezibwa kwa matambara, jamaa waliolala kando ya jiko wako katika hatari ile ile ya dereva aliyejifungia.

Basi, usiku wa Julai, toa jiko nje kabla ya kulala, na ujifunike blanketi. Kama hapana budi liwake ndani kwa ajili ya kupika, acha mlango au dirisha wazi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Nawe waambie wadogo zako jambo hili usiku wa leo.