Mizigo ya Kasongo na Kabambare: kutoka kichwa cha mpagazi hadi mota ya gurudumu

Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, pana zaidi ya kilomita 110 hata zikipimwa kwa mstari ulionyooka, na njia yenyewe haijawahi kunyooka. Inakatiza nchi ya Wakusu, Wazimba na Wabangubangu, inavuka vijito vinavyomwaga maji yake mtoni Luama na Lualaba, na masika yakiingia udongo wake huwa utelezi mtupu. Katika karne ya 19 hiki kilikuwa kipande cha njia kuu ya misafara iliyotoka pwani, ikapitia Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikafika Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe ukingoni mwa Lualaba. David Livingstone aliingia Kabambare mwaka 1869, akakwama huko kwa muda mrefu kwa sababu ya vidonda vya miguu. Baadaye mfanyabiashara Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliifanya Kasongo makao yake makuu, na mashamba ya mpunga ya Wangwana, yaani Waswahili wa misafara na wafuasi wao, yakauzunguka mji.

Kila kitu kilichopita hapo kilibebwa na binadamu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, na punda wachache waliosalimika walikuwa wa kupandwa na wakubwa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, za nguo, shanga, baruti au pembe za ndovu. Wengine walibeba kwa ujira. Wengi walibeba wakiwa watumwa, na pembe iliyofika Unguja ilikuwa imelipiwa kwa miili yao.

Vita kati ya Wangwana na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mtawala wa Dola Huru ya Kongo, vilibadilisha mabwana, havikuubadilisha mzigo. Francis Dhanis, kamanda wa Leopold, aliiteka Kasongo Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Wakati huohuo gurudumu lilikuwa linaugeuza ulimwengu mahali pengine. John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888, baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani, na mpira wa mwitu ukawa bidhaa ya thamani kubwa. Dola Huru ya Kongo iliwalazimisha wanavijiji kwa bunduki na viboko kuugema msituni, na kufikia 1901 ilikuwa inasafirisha takriban tani 6,000 kwa mwaka. Historia ya baiskeli nchini Kongo haina budi kuanzia hapa: watu walilipia matairi kwa damu miaka mingi kabla ya wao wenyewe kupata kuyaendesha.

Reli nayo iliipita Kasongo kando. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga kipande cha Kindu hadi Kongolo kikakamilika kufikia 1911, lakini upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo ikabaki ng'ambo ya mto, na Kabambare mbali zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, mashariki mwa Kongo pakachukuliwa wapagazi kwa maelfu mengi kubeba risasi na chakula cha jeshi la Kibelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916. Kichwa na bega viliendelea kuwa chombo cha uchukuzi hata baada ya treni kupiga honi Kindu.

Baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita huko, iliingia vijijini taratibu, kwa fedha za mishahara na za mazao. Zile zilizoizoea njia hii zilikuwa baiskeli nzito za mtindo wa Kiingereza, baadaye nakala zake za Kihindi na Kichina: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, rimu ya mbele yenye matundu 32 na ya nyuma 40. Tofauti hiyo ya matundu haikuwa ya bure. Uzito wa mwendeshaji na wa keria huangukia nyuma, na spoku nane za ziada ndizo zinazozuia gurudumu lisipinde.

Vita vilivyoanza 1996 na vile vya 1998 ndivyo vilivyoifanya baiskeli kuwa uti wa mgongo wa kusini mwa Maniema. Barabara ziliachwa zikafunikwa na nyasi, madaraja yakaoza, na treni ya kutoka Lubumbashi haikurudi Kindu hadi 2004. Mchele, mawese na karanga vilitoka kwa baiskeli. Chumvi, sabuni, dawa na vitenge vikaingia kwa baiskeli. Baiskeli ya kazi hiyo haipandwi, husukumwa. Fimbo ndefu hufungwa kwenye usukani ikatokeza pembeni, ili msukumaji aelekeze gurudumu la mbele huku akitembea kando. Fimbo ya pili husimamishwa nyuma ya kiti, nayo ndiyo ya kusukumia na kuzuia mteremkoni. Magunia hulazwa mbavuni na juu ya keria, yakakazwa kwa vipande vya mpira wa ndani, na mara nyingi pedeli na cheni huondolewa kwa kuwa hazina kazi tena. Hivyo mtu mmoja anaweza kusogeza kilo 150, karibu mara tano ya mzigo wa mpagazi wa zamani. Ni ufundi wa hali ya juu, na haustahili kuitwa umaskini tu. Hata hivyo mlimani nguvu inayohitajika bado ni ya misuli ya mtu.

Pikipiki za Kichina na Kihindi zilizoenea baadaye zilichukua abiria na mizigo ya haraka. Petroli, ambayo hulazimika kusafiri mbali kufika huko, ndiyo inayoamua nauli.

Kwa baiskeli, msaada mwingine wa misuli usiohitaji petroli ni mota ya umeme ndani ya habu ya gurudumu, nayo si jambo geni kama inavyodhaniwa. Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota kwenye habu ya nyuma tarehe 31 Desemba 1895, miaka miwili na miezi minane tu baada ya Kasongo kutekwa. Kilichokosekana ni betri nyepesi. Ile ya ioni za lithiamu ilianza kuuzwa mwaka 1991, na aina nyingi za betri hizo hutumia kobalti, ambayo sehemu kubwa yake duniani huchimbwa Katanga. Afrika Mashariki imeanza kuzitumia: Opibus, ambayo sasa ni Roam, ilianza Nairobi mwaka 2017 kwa kubadilisha magari ya mafuta yawe ya umeme, na Ampersand ikaingiza pikipiki za umeme Kigali mwaka 2019.

Kwa baiskeli iliyobadilishwa kuwa ya umeme, mota ya habu ndiyo sehemu inayochakaa kwa kelele, na wakati wa kuibadilisha kuna aina mbili. Ya kwanza haina gia: sumaku zimepangwa ndani ya ganda linalozunguka, na hakuna meno yanayosagana. Hiyo ndiyo tulivu kuliko zote, lakini ni nzito, hukokota gurudumu umeme ukikatika, na hupata joto kali ikipandisha mzigo polepole. Ya pili ina mota ndogo inayozunguka kasi, na gia za nailoni zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Hulia kidogo, na hulia zaidi gia zikilika au grisi ikikauka, ila hupanda mlima vizuri na huachia gurudumu lizunguke bure. Mvumo mwingine hautoki kwenye mota hata kidogo. Hutoka kwenye kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota, ikiwa inautuma kwa hatua za ghafla, na kontrola ya mawimbi laini huupunguza sana.

Tatizo kubwa kwa baiskeli za njia ya Kasongo ni vipimo. Mota nyingi za nyuma zinahitaji nafasi ya milimita 135 kati ya ncha za fremu, ilhali baiskeli nzito za zamani zina kama 110 hadi 120. Mota nyingi zina matundu 36 ya spoku, na rimu ya matundu 40 haiafikiani nayo, kwa hiyo rimu nayo hubadilishwa. Mota inapozunguka, ekseli yake husukuma fremu kwa nguvu, hivyo lazima ifungiwe mkono wa chuma wa kuizuia, la sivyo huchomoka na kukata nyaya. Volti za mota mpya zilingane na za betri na kontrola iliyopo, na plagi zake zihesabiwe nyaya kabla ya kununua.

Kwa mzigo wa kilo 150 kwenye vilima vya kuelekea Kabambare, mota ya gia iliyosukwa nyaya kwa ajili ya kasi ndogo, yenye kontrola ya mawimbi laini na grisi mpya, inafaa kuliko ile isiyo na gia, ijapokuwa haiwi kimya kabisa.